Hornblower wa runinga na swali la nani alimsukuma Kapteni Sawyer

Filamu nane za runinga kuhusu Horatio Hornblower, zilizoonyeshwa na kituo cha ITV cha Uingereza kati ya 1998 na 2003, zilitokana na riwaya za C. S. Forester kuhusu jeshi la majini la Uingereza enzi za vita dhidi ya Ufaransa ya Mapinduzi na ya Napoleon. Wanaozisifu na wanaozilaumu wanakubaliana kwamba Hornblower wa vitabuni, anayejisimanga usiku na mchana kwa makosa ambayo hakuna mwingine aliyeyaona, si yule kijana mtanashati aliyeigizwa na Ioan Gruffudd. Wanachobishania ni iwapo badiliko hilo lilikuwa la lazima.

Watetezi wana hoja nzito. Mwandishi wa riwaya anaweza kukaa kurasa tatu kichwani mwa mtu aliyesimama kimya sitahani, jambo ambalo kamera hailiwezi. Ndiyo maana Archie Kennedy, ambaye kitabuni anatajwa kwa uchache tu, amefanywa rafiki wa kufa na kuzikana: shujaa alihitaji mtu wa kumwambia yale ambayo kitabuni anajiambia mwenyewe.

Chukua pambano la bastola linalofungua kitabu cha 1950, Mr. Midshipman Hornblower. Hornblower, aliyeonewa na Simpson, mwanafunzi mwenzake wa uofisa melini, hadi kutamani kufa, anapendekeza bastola moja itiwe risasi na nyingine iachwe tupu, kisha wachague bila kujua ipi ni ipi. Hiyo ni hesabu ya kijana aliyekata tamaa, naye anaijua hesabu vizuri mno. Hakuna anayekufa, kwa kuwa nahodha aliagiza kwa siri zote mbili ziachwe tupu. Runinga ilitaka damu: Clayton, mwenzao melini, anakwenda kupigana badala ya Hornblower na kupoteza maisha, na baadaye Simpson anaangushwa na risasi ya Kapteni Pellew, nahodha mpya wa Hornblower, iliyopigwa kutoka mbali. Hesabu ile imepotea, na ni hasara, lakini sidhani watunzi walikosea, kwani mtazamaji asiyemjua bado Hornblower angehisi amechezewa kama pambano zima lingeishia kwenye bastola mbili tupu. Tuzo ya Emmy ya 1999 haikuja kwa bahati, na merikebu Grand Turk, iliyojengwa Uturuki na kutumika kama manowari ya Pellew, iliwapa picha ambazo maneno hayazifikii.

Utetezi huo, hata hivyo, unakwama kwenye riwaya ya 1952, Lieutenant Hornblower. Humo Kapteni Sawyer, nahodha aliyepotewa na akili, anaanguka ngamani usiku, na msomaji haambiwi kamwe kama alisukumwa wala na nani. Siri hiyo inasimama kwa sababu Forester hakuingia kichwani mwa Hornblower hata mara moja. Hadithi yote inaonwa kwa macho ya Luteni Bush, ofisa mgeni melini, ambaye anamchunguza mwenzake na kubaki na mashaka. Kwa maneno mengine, mwandishi alikuwa ameshaifanya kazi ya kamera miaka hamsini mapema, na wasomaji wake walikuwa wamemjua Hornblower tangu riwaya ya kwanza ya 1937.

Watengenezaji wa filamu waliliacha jicho hilo. Walimpeleka Kennedy, akiwa mahututi kwa jeraha, mbele ya mahakama ya kijeshi akiri kwamba ndiye aliyemsukuma Sawyer, ili rafiki yake asinyongwe. Tukio hilo linaliza, sikatai, na baada ya filamu nne za urafiki wao Kennedy alistahili kifo chenye uzito. Lakini shaka iliyopaswa kumwandama Hornblower ilibebwa na mtu mwingine na kuzikwa naye, na Hornblower akatoka mahakamani akiwa msafi kuliko alivyotaka mwandishi wake. Ajabu ni kwamba Paul McGann, aliyeigiza Bush, alikuwa pale pale, kando ya fremu, akimtazama.