Seva ikinyamaza, kompyuta ifanye nini?

Mvua ya Kisumu haibishi hodi. Jioni wingu linapanda kutoka ziwani, radi inapiga mara mbili tatu, stima inapotea kuanzia Kondele mpaka Mamboleo. Kesho yake simu ya fundi inaanza kulia kabla chai haijaiva.

Asubuhi moja ya aina hiyo nilipigiwa na mwalimu wa maabara ya kompyuta, chuo kimoja upande wa Mamboleo. "Omera fundi, kazi za wanafunzi zimepotea. Zote!" Nikapanda boda. Kufika, folda ya /kazi kweli ilikuwa tupu kwenye kila mashine, na wanafunzi, maskini, walikuwa wameshaanza kuandika upya. Nikaenda kwenye seva, ile kompyuta kuu inayohifadhi faili za wote, nikaikuta nzima. Nikarudi kwenye mashine, nikamaunti upya moja baada ya nyingine, yaani nikaiunganisha tena folda ya seva kwenye /kazi, faili za muhula mzima zikajitokeza. Nikanunuliwa soda, nikaondoka kifua mbele.

Siku ya pili simu tena. "Sasa za juzi zipo, ila zile walizoandika jana asubuhi hazionekani."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Stima iliporudi, mashine zote ziliwaka kwa pamoja. Seva ilikuwa bado inakagua diski zake, na kompyuta za wanafunzi, ambazo nilikuwa nimeziandikia kwenye /etc/fstab, faili la orodha ya vitu vya kumaunti, zimaunti zinapowaka, zikaisubiri sekunde 90 kisha zikakata tamaa na kufungua ukurasa wa kuingia. Folda ya /kazi ilikuwepo, lakini ilikuwa folda ya kawaida tu kwenye diski ya mashine yenyewe. Wanafunzi wakahifadhi humo. Nilipokuja kumaunti, ya seva ikakaa juu yake kama mkeka juu ya sarafu. Faili hazikufutika, zilifunikwa. Nilizitoa kwa flashi, mashine kwa mashine, mpaka saa kumi jioni.

Kosa lilikuwa langu. Folda ile niliifungulia kila mtu ruhusa ya kuandika, 777, kwa sababu nilikuwa na haraka.

Tangu siku hiyo sishiriki sana ule ubishi wa mafundi wa mjini wa NFS na SMB, njia mbili za kutumia folda ya seva kupitia mtandao, ipi ina mbio zaidi. Ofisi yenye Windows tupu itumie SMB, basi. Ila lile toleo lake la kwanza lizimwe kabisa, maana ndiyo njia aliyopitia WannaCry, kirusi cha kufunga faili na kudai fidia, mwaka 2017. Mimi mteja akiniita naanza na swali lingine: siku seva itakaponyamaza, kompyuta ya mteja ifanye nini? Ukishalijibu hilo, chaguo nyingi zinajipanga zenyewe.

Jibu langu la kwanza: isimaunti kitu inapowaka. Imaunti pale mtu anapoigusa folda. Kwenye Linux ya siku hizi ni mstari mmoja:

seva:/srv/kazi /kazi nfs hard,x-systemd.automount,x-systemd.idle-timeout=600 0 0

Mashine inawaka hata seva ikiwa imelala. Mwanafunzi akifungua /kazi, ndipo inakwenda kuitafuta. Ikiikosa, anapata kosa usoni, na hawezi kuandika chochote kwenye folda ya chini kwa sababu mlango umeshikwa. Ikikaa dakika kumi bila kuguswa, inajishusha. Penye wanafunzi wengi, kila mmoja na folda yake, natumia programu ya zamani ya kumaunti, autofs: kinyota upande wa kushoto kwa jina lolote, alama ya & upande wa kulia ya kulirudia jina hilo, mstari mmoja unahudumia chuo kizima. Ina kero yake. Folda haionekani mpaka uitaje kwa jina, na nimeshaitwa mara tatu kuja kutafuta folda ambayo ilikuwepo.

La pili ni lile neno "hard" hapo juu, linaloiambia kompyuta ingoje mpaka seva irudi, na hapa sitaki mapatano.

Ukiweka "soft", kompyuta inafanya kama makanga wa Kondele: anaita, anaita tena, halafu gari linaondoka. Programu inaambiwa imeshindikana. Programu nzuri itakuonya. Ile ambayo mwandishi wake hakujali kuangalia jibu itaendelea kana kwamba mambo ni shwari, na faili itabaki nusu. Niliwahi kumwekea "soft" mama mmoja mwenye duka la kuchapisha kadi mjini, kwa sababu alichoka na skrini kuganda. Swichi yake ya mtandao ilikuwa chini ya meza, na soketi ileile ndiyo ya birika. Kila chai, mtandao chini. Skrini haikuganda tena, kweli. Ila kadi za harusi za mteja wake zilihifadhiwa nusu, na tuligundua Ijumaa jioni. Kwa "hard", angengoja birika lichemke, basi.

Na wanaopenda kuchezea muda wa kusubiri, wajue timeo, chaguo linaloupanga muda huo, inahesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde. Ukiandika timeo=30 ukidhani ni nusu dakika, umeipa seva sekunde tatu. Usipoandika kitu, kwa TCP, njia ya kawaida ya kusafirisha data mtandaoni, ni 600, yaani dakika nzima. Iache hivyo.

"Soft" naiweka mahali pamoja tu: folda ya kusoma, kama mitihani ya zamani na video za masomo. Pale hakuna cha kuharibika.

Najua lalamiko dhidi ya "hard". Seva ikianguka, hata amri ndogo kama df, ya kuonyesha nafasi ya diski, inaganda. Ni kweli, na inaudhi. Lakini ndivyo NFS ilivyokusudiwa tangu Sun Microsystems walipoitengeneza mwaka 1984: seva ianguke, irudi, na mteja, yaani kompyuta inayoitumia seva, aendelee pale alipoishia. Toleo la 4 limeongeza kitu ambacho kinawatisha watu. Seva ya Linux ikirudi inawapa wateja muda, kwa kawaida sekunde 90, wadai tena kufuli za faili zao, yaani alama za nani anaitumia faili ipi. Katika sekunde hizo mambo yanaonekana yamekufa, na ndipo watu wanapobonyeza kitufe cha kuzima. Wakishabonyeza, wamejipotezea wenyewe.

Kwenye maabara ya Mamboleo nimebandika karatasi juu ya swichi: SKRINI IKIGANDA USIZIME, NGOJA DAKIKA TANO. Mwezi uliopita nilikuwepo stima ilipopotea. Mashine za wanafunzi zina betri ndogo, ila betri ya seva imeshachoka, seva ikazima. Binti mmoja alikuwa anahifadhi ripoti, kishale kikasimama. Mkono ukaenda kwenye kitufe, akaniangalia, akaurudisha mapajani. Jenereta likawashwa, seva ikapumua, tukakaa kimya tukisikiliza feni. Dakika ya nne ripoti ikajihifadhi.

Betri mpya ya seva bado hawajanunua.