Kalipa kubwa, pedali inayozama

Wenye Subaru Impreza wakitaka breki kali, wengi hutafuta kalipa (vyuma vinavyobana pedi kwenye diski) za pistoni nne kutoka kwenye WRX, Impreza ya mwendo kasi, iliyochinjwa. Zikishafungwa, malalamiko hayachelewi: pedali inazama kuliko zamani. Fundi anatoa upepo upya kwenye mafuta ya breki, na bado inazama.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Pistoni zenye eneo kubwa zinahitaji mafuta mengi zaidi ili zisogee, na masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali, ni ileile, kwa hiyo mguu unakwenda mbali zaidi. Lakini kwa nguvu ileile ya mguu, breki zinashika zaidi. Anayesifu breki hizo na anayelalamikia pedali wote wana haki.

Wengine hukimbilia masta kubwa. Ukitoka kipenyo cha inchi 1 kwenda inchi 1 na 1/16, mafuta yanayosukumwa yanaongezeka kama asilimia 13, na pedali inapanda na kukaza. Ila kwa nguvu ileile ya mguu presha inapungua kama asilimia 11, yaani sehemu ya faida uliyoilipia kwenye kalipa imeondoka. Pedali ngumu si breki kali, na hapo ndipo watu wanapopoteza pesa. Hata hivyo siwabezi wanaoitafuta: barabara ikiwa na maji, pedali isiyoyumba ndiyo inayomwezesha dereva kupima kiasi cha kukanyaga kabla tairi hazijateleza.

Hoja nzito ya breki kubwa ni joto. Kuteremka mlima Kitonga na gari lililojaa, diski kubwa huchelewa kupata moto kupita kiasi. Lakini pedali ikizama mlimani, mara nyingi ni mafuta yaliyochemka: mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa kuhimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka, na yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Kwa hiyo ningeanza na mafuta mapya na pedi nzuri, kisha mipira inayopeleka mafuta kwenye kalipa. Mwambie mtu akanyage breki huku ukiishika mipira ya zamani: ukihisi inavimba, safari ya pedali inapotelea hapo.

Na kama kalipa zimeshafungwa, chungulia nipeli za kutolea upepo. Zikitazama chini, kalipa ya kulia imefungwa kushoto. Upepo umenasa juu, na hautatoka hadi kalipa zibadilishwe upande.