Kabla ya kuongeza wanasaikolojia jeshini, tuandike kinachoruhusiwa kutoka chumba cha tiba

Vijana wanaosomea saikolojia tiba pale Muhimbili huwauliza wenzao walioko nje swali moja kila mwaka: huko Uingereza mnawatibuje wanajeshi, na sisi huku Dar es Salaam tuchukue nini? Wengi wanategemea kusikia habari za tiba mpya. Mimi ningechukua kwanza yale maelezo ya dakika 5 anayopewa mwanajeshi kabla hajaulizwa lolote, yanayomwambia mkuu wake wa kikosi atajua nini na hatajua nini. Mengine yote yanaegemea hapo. Utaratibu wa ndani wa JWTZ sitaugusa, kwa kuwa si mada yangu. Nazungumza na sisi wa fani.

Huku Uingereza niliko, mwanajeshi aliye kazini huanza kwa daktari wa kambi, kisha hupewa rufaa kwenda idara ya afya ya akili ya jeshi. Humo atakutana na madaktari wa magonjwa ya akili, wauguzi, maofisa ustawi wa jamii na wanasaikolojia tiba. Wanasaikolojia wengi ni raia. Hawapigi saluti wala hawapandishwi cheo na mkuu wa mgonjwa, na mgonjwa analijua hilo. Kinachomfikia mkuu ni mipaka ya kazi: asishike silaha kwa sasa, asipangiwe lindo la usiku, asiende misheni, aachiwe Jumanne asubuhi aje kliniki. Jina la ugonjwa na yaliyosemwa kwenye chumba cha tiba hubaki kwa wataalamu mpaka mgonjwa aridhie, au pawe na hatari ya kweli kwake au kwa wengine. Wamarekani wameliandika wazi zaidi. Mwongozo namba 6490.08 wa wizara yao ya ulinzi, uliotoka 2011, unaanza na kwamba kawaida ni kutomwambia mkuu, kisha unataja hali za kumwambia: hatari kwa nafsi, hatari kwa wengine, hatari kwa operesheni, kulazwa, kuingia tiba ya ulevi, na nyingine chache. Hata hapo anapewa kiasi kidogo kinachotosha kufanya uamuzi.

Nyumbani, ukimwambia mtu "hii ni siri" bila kufafanua, anasikia maneno ya adabu tu. Kwa hiyo sema hivi, polepole: "Afande, mkuu wako ataambiwa kama unaweza kubeba silaha na kama unaweza kwenda misheni. Ukiniambia unataka kujidhuru au kumdhuru mtu, sitakaa nalo peke yangu, na wewe utakuwa wa kwanza kujua nampigia nani. Mengine yanabaki hapa." Halafu mwombe akurudishie kwa maneno yake. Akishindwa kuyarudia, hajayaamini. Na mtaalamu asitamke maneno haya kabla uongozi haujayasaini, kwa sababu ahadi ikivunjwa mara moja, kikosi kizima kitakuwa na habari kabla ya jioni.

Jambo hili linaonekana mpaka kwenye namba. Dodoso la PCL-5, linalopima athari za kiwewe, lina maswali 20, kila moja alama 0 hadi 4, jumla 80. Mtu akifika 31 hadi 33 tunachunguza kwa kina. Mwanajeshi anayehofia kukosa kozi au misheni hujaza sifuri kuanzia juu hadi chini. Mtu aliyeshuhudia mwenzake akifa, hajalala wiki mbili, kisha analeta jumla ya 2, amejibu swali la "nani atasoma karatasi hii?" Usimwandike kwamba ni mzima. Rudia maelezo ya siri, mpe dodoso upya baada ya kikao cha pili.

Tafsiri nayo ina mitego yake. Swali la kuwa macho kupita kiasi, ukiliweka hivyohivyo, askari atakujibu ndiyo kwa fahari, maana ndiyo kazi yake. Uliza: "Ukiwa nyumbani, huna zamu, watoto wamelala, unaamka mara ngapi kwenda kukagua mlango?" Swali la tukio kurudi kama linatokea sasa hivi, wengine wanalielewa kuwa unawauliza kama wana majini, na wanafunga mdomo. Eleza kwa mwili: harufu, sauti, jasho, moyo kwenda mbio. Watu wetu huja na kichwa, mgongo, presha na vidonda vya tumbo. Pima presha kweli, usiipuuze, kisha uliza usingizi.

Kwenye pombe kosa ni la hesabu. Dodoso la unywaji la AUDIT lina maswali 10, na alama 8 kwenda juu ni unywaji wa hatari. Lakini linahesabu vinywaji vya kipimo, gramu 10 za alkoholi kwa kimoja kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20. Mgonjwa akisema chupa tatu, andika sita. Ukiandika tatu umemshusha alama zake, na utamruhusu mtu aliyestahili kufuatiliwa.

Kuna pia heshima ya umri. Huku Uingereza binti mtaalamu wa miaka 28 humwita sajenti wa miaka 50 kwa jina la kwanza, na kikao kinaendelea. Dar es Salaam binti huyo ataanza na shikamoo, naye ataitwa "mwanangu". Asilikatae neno hilo, linamfungulia mlango. Ila maswali ya pombe na ya chumba cha kulala yatakwama hapo, kwa sababu baba hamwambii binti yake. Yaweke kwenye karatasi ajaze mwenyewe, au ampishe mwenzake wa makamo, dakika 10 zinatosha.

Sasa tiba yenyewe. Tiba ya kuikabili kumbukumbu kwa muda mrefu, aliyoiendeleza mwanasaikolojia Edna Foa, ni vikao 8 hadi 15 vya dakika 90. Mgonjwa husimulia tukio kwa sauti akiwa amefumba macho, simulizi inarekodiwa, naye huisikiliza kila siku nyumbani. Huku askari ana chumba chake kambini. Pale Mbagala au Tandale familia ina chumba na sebule, ukuta mmoja na jirani, simu moja inayochezewa na watoto. Rekodi ya baba akilia ikifunguliwa na mtoto wa miaka 7, umemuumiza wa pili. Kama hakuna mahali pa kusikilizia, afike kliniki asikilizie hapo, au utumie njia ya mwanasaikolojia Patricia Resick, vikao 12 vya saa moja hivi, inayofanyia kazi mawazo yaliyokwama kama "ningegeuka kushoto angekuwa hai" kwa karatasi za mazoezi. Karatasi hizo nazo zibaki kliniki.

Sehemu ya pili ya tiba ya Foa ni kuvirudia vitu vinavyokwepwa bila kuwa na hatari. Mnatengeneza ngazi ya hofu ya 0 hadi 100. Kwa Dar inaweza kuwa hivi: kukaa barazani jioni, 30, siti ya nyuma kwenye daladala, 45, foleni ya kivuko cha Kigamboni, 60, Kariakoo siku ya Jumamosi, 80. Anaanzia katikati, anakaa dakika 30 hadi 45 mpaka hofu ishuke angalau nusu. Kinachoharibu ni kuondoka hofu ikiwa juu, maana mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikookoa. Usimpangie sehemu ambayo raia wa kawaida pia angeogopa kuibiwa.

Sauti zinazomshtua mgonjwa huku Uingereza zina kalenda: baruti za sherehe ya 5 Novemba zinajulikana, tunamwandaa mtu wiki mbili kabla. Radi ya masika juu ya bati haina tarehe, wala tairi la lori linalopasuka Barabara ya Mandela. Na muulize mke pia. Kama alikuwa Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 au Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011 mabomu ya maghala yalipolipuka, nyumba ina watu wawili wanaoruka kitandani kwa radi moja, na utaalamu wote ulioelekezwa kwa mume unaacha nusu ya tatizo.

Uhamisho ndio unaoua vikao. Hapo kuna habari njema: utafiti wa Foa na wenzake uliochapishwa 2018, uliofanyika kwenye kambi ya jeshi ya Fort Hood, Texas, ulionyesha kuwa vikao 10 ndani ya wiki mbili havikuwa duni kuliko vikao hivyohivyo 10 kwa wiki nane. Anayetoka Songea au Tabora hawezi kuja Dar kila Jumanne. Wiki mbili mfululizo anaweza. Wengi katika makundi yote mawili walibaki na dalili, kwa hiyo msimwahidi mtu kupona kabisa.

Cha kuchukua bila kubadili sana ni TRiM, utaratibu wa askari kuangaliana wao kwa wao baada ya tukio la kutisha, ulioanzia kwa Royal Marines, makomandoo wa jeshi la majini la Uingereza. Askari wa kawaida, si waganga, wanafundishwa kukaa na mwenzao baada ya saa 72 tangu tukio, kisha baada ya mwezi mmoja, wakitumia orodha ya viashiria 10. Alama zikibaki juu, anapelekwa kwa mtaalamu. Hiyo si tiba, wala si kile kikao kimoja cha kuwakusanya watu siku hiyohiyo na kuwalazimisha wasimulie kila kitu. Kikao cha namna hiyo kilishaonekana hakizuii ugonjwa, na baadhi ya watu huwazidishia.

Nyumbani tuna jambo ambalo hospitali za huku haziwezi kulinunua. Mwanajeshi akifa, kuna msiba, watu wanalala chini, jina linatajwa hadi arobaini. Walinda amani wetu wasiopungua 14 walipouawa Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, waliolia hawakuwa familia zao peke yao. Huku anayeacha jeshi hujikuta kwenye flati peke yake, jirani hamjui. Lakini undugu huohuo una uzito wake: anayerudi kutoka misheni anapokewa na orodha ya ada, mabati, mahari ya mdogo wake. "Amerudi na hela za UN." Wiki ya kwanza anagawa fedha kabla hajalala usiku mmoja. Iwapo kuna mafunzo ya kurudi nyumbani, nusu yake yahusu hesabu za fedha, na mke au mama awepo.

Hofu ya mwisho iko kwenye sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Askari anakijua, na atakuambia "nilichoka tu". Muulize kwa neno lenyewe, bila kuzungukazunguka. Akikubali, mwandike mpango wa usalama papo hapo: dalili anazozijua zikianza, anachoweza kufanya peke yake, mahali pa kwenda penye watu, ndugu wawili wa kupigiwa, namba ya kliniki, na nani atashika funguo za silaha mpaka lini. Sehemu ya "mpaka lini" isiachwe wazi. Silaha iliyochukuliwa bila tarehe ya kuangaliwa upya inasomeka kama adhabu, na mwenzake aliyeiona hatakuja kwako.

Na anayestaafu? Huku idara ya jeshi huendelea kumwona hadi miezi 6 baada ya kuondoka, kisha anakabidhiwa hospitali za raia. Anayestaafu akahamia Chanika, apewe muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wenye dawa, vipimo na tarehe, usio na habari za operesheni, aupeleke mwenyewe hospitali ya Temeke au Amana. Muhtasari huo uandikwe miezi mitatu kabla ya gwaride la kumuaga, wakati bado anakuja kliniki.