Fizi zikitoka damu si joto la mwili

Makala moja niliyoisoma imesema ugonjwa wa fizi huletwa na bakteria, sawa, lakini imepita haraka pale penye kiini chenyewe: vile bakteria hao wanavyoichezea kinga ya mwili. Mmoja wao, aitwaye Porphyromonas gingivalis, hawakimbii askari wa mwili. Hutoa vimeng'enya vinavyokatakata protini za kinga, kisha huzivuruga chembe nyeupe za damu zisimuue, huku uvimbe ukiendelea. Na uvimbe ndio riziki yake: nyama ya fizi ikimeng'enyuka na damu ikivuja, yeye anapata protini na madini ya chuma. Hata mfupa unaoshika jino, sehemu kubwa unaliwa na vita vya mwili wenyewe.

Mamangu hapa Likoni alitema povu jekundu kila alfajiri akipiga mswaki, miaka na miaka. Akaambiwa ni joto. Hakusikia maumivu, ndiyo maana hakwenda kwa daktari. Alipokwenda, magego mawili yalikuwa yakicheza kama vigingi mchangani. Naye ana kisukari, ambacho huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi mbovu nazo huipandisha sukari. Kliniki aliyokuwa akipimwa sukari haikumwambia afungue kinywa hata siku moja.