Wanawake wa chuma wa Sheffield na manamba wa Korogwe

Nikitoka zamu ya usiku huwa nakatiza Barker's Pool, katikati ya Sheffield, na hapo nawakuta wale kina mama wawili wa shaba: wamepitishiana mikono, ovaroli mwilini, vitambaa kichwani. Hao ni sanamu ya wanawake waliofanya kazi kwenye viwanda vya chuma wakati wa vita. Ilizinduliwa Juni 2016.

Wengi wetu tunaijua Sheffield kwa visu na vijiko. Lakini katika Vita Kuu ya Pili, kiwandani Vickers kulikuwa na nyundo ya tani 15 ambayo kwa kipindi fulani ndiyo pekee Uingereza nzima iliyoweza kufua krankishafti za injini za Merlin, zile zilizorusha ndege za Spitfire na Hurricane. Wajerumani walijua mji huu unatengeneza nini. Usiku wa tarehe 12 na wa tarehe 15 Desemba 1940 walimwaga mabomu, watu zaidi ya 660 wakafa, huku viwanda vingi vikinusurika. Wanaume wakiwa vitani, wanawake ndio walioendesha winchi za juu kwa juu na kushika chuma chekundu, kwa ujira mdogo kuliko wa wanaume. Vita vilipokwisha wakaambiwa warudi majumbani.

Nyumbani tunapenda kusema Mzungu anajua kuenzi watu wake. Mimi siku hizi nabisha. Ilipita miaka 71 kabla ya sanamu hiyo kusimama, na ilisimama kwa sababu bibi wanne, wazee kabisa, walichoka kusahauliwa wakaanza kudai wenyewe mwaka 2009. Kiwanda cha Hadfields kilichokuwa kikitoa mizinga na makombora kimebomolewa, na hapo pamejengwa Meadowhall, tunakokwenda kununua viatu.

Tofauti ninayoiona ni kwamba wale bibi walikuwa na pa kwenda kudai. Babu yangu angekwenda wapi?

Alitoka Kasulu, akaletwa Korogwe kukata mkonge. Mwaka 1942 Wajapani waliposhika Ufilipino na Java, Waingereza na Wamarekani walipoteza kamba za huko, na macho yote yakageukia singa za mkonge wa Tanganyika, nyuzi zinazosokotwa kamba. Meli ya chuma cha Sheffield haifungwi gatini kwa chuma peke yake, inataka kamba. Serikali ya kikoloni ikafika hadi kukamata watu kwa nguvu na kuwapeleka mashambani. Majani hufungwa thelathini thelathini, yanabebwa hadi kwenye reli ndogo, yanakwenda korona, kiwanda cha mkonge, kusagwa. Siku ambayo mtu hakumaliza kazi haikuandikwa kwenye kipande, yaani kadi yake ya kazi, na bila siku 30 kwenye kipande hakuna mshahara. Kwa zile namba walizopewa ndiyo maana tukawaita manamba, neno ambalo babu hakutaka kabisa kulisikia nyumbani kwake.

Aliyekwenda Burma na keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, angalau husimuliwa. Pale Dar es Salaam yupo Askari wa shaba tangu 1927, wa vita vya kwanza, na maandishi yake hayakuwasahau wapagazi. Manamba hana hata jiwe stendi ya Korogwe. Nalisema hili nikijua sisi wajukuu ndio tuliokaa kimya. Waingereza hawatakuja kutujengea, na mimi nisingependa wajenge wao.

Mwezi uliopita nilimtumia mama picha ya wale kina mama wa Barker's Pool kwa WhatsApp, nikamweleza habari yao yote. Akasikiliza, kisha akauliza, "Hao wamevaa viatu?"

"Ndiyo mama, mabuti."

"Babu yako alikata mkonge peku."