Tusihesabu tani za vioo, tuhesabu thamani ya kila kilo

Tangu kiwanda cha Sapphire Float Glass kizinduliwe Mkuranga Septemba 2023, habari za vioo vya Tanzania zimekuwa habari za tani. Uwezo uliotangazwa, tani 700 kwa siku, ni mkubwa kweli. Kioo cha milimita 6 kina uzito wa kilo 15 kwa mita ya mraba, kwa hiyo hizo ni zaidi ya mita za mraba 46,000 kila siku. Tena tanuru la namna hii halizimwi jioni likawashwa asubuhi. Likishawashwa hukesha miaka kumi na zaidi, na kioo kinaendelea kumwagika juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, pawe na mnunuzi au pasiwe. Kuuza nje ni lazima. Ninalouliza ni kama tuuze shiti tupu au kioo kilichofanyiwa kazi.

Anayetaka kuujua mwenendo wa mauzo hayo asiishie kwenye namba moja ya forodha, ile inayoandikiwa kila aina ya bidhaa inayovuka mpaka. Shiti iliyotoka kiwandani, hata ikikatwa mstatili, hubaki 7005. Ikisagwa kingo, ikitobolewa, ikipindwa au ikinakshiwa, huhamia 7006. Lakini kioo hichohicho kikipita kwenye tanuru la tempa, yaani la kukiimarisha kwa joto na kukipoza ghafla, au vikigandishwa viwili kwa utando wa plastiki katikati, huwa 7007. Vioo viwili vilivyoachiwa nafasi ya hewa kati yake ni 7008, cha kujitazamia ni 7009, na kikifungwa kwenye mlango wa aluminiamu huandikwa mlango, 7610. Kwa hiyo 7006 inaweza kushuka mwaka ambao mafundi wetu wamepiga hatua kubwa kuliko yote. Jumlisha mauzo ya namba hizo zote, kisha gawanya thamani kwa uzito. Hapo ndipo utajua tunakwenda mbele au tunarudi nyuma.

Sababu yangu kubwa ni usafiri. Lori la tani 28 linabeba takriban mita za mraba 1,860 za kioo cha milimita 6. Kutoka Mkuranga kupitia Tunduma hadi Lubumbashi, nauli ni ya uzito na umbali. Haijali kama kioo ni kitupu au kimetobolewa. Kwenye shiti tupu nauli hula sehemu kubwa ya bei. Kwenye mlango wa duka wa milimita 12, uliosagwa, ukatobolewa na kutempwa, nauli ileile inakuwa ndogo mbele ya bei, na kazi yote imebaki kwetu.

Lakini kazi hiyo haitaki papara. Kioo cha tempa hakikatwi tena, hakitobolewi tena. Kila kitu kinamalizwa kabla ya tanuru: kukata, kusaga kingo, kutoboa kwa keekee ya almasi huku maji yakitiririka, kwanza upande mmoja kisha wa pili ili tundu lisibanduke magamba. Tundu lisiwe na kipenyo kidogo kuliko unene wa kioo. Kutoka ukingo wa tundu hadi ukingo wa kioo kuwe na angalau unene mara mbili, na kutoka kwenye kona mara sita. Kwa kioo cha milimita 10, hiyo ni milimita 20 na 60. Ukipuuza vipimo hivyo, au ukiacha ukingo una mikwaruzo, kioo hupasukia ndani ya tanuru au wakati wa kupulizwa, na vipande vyake huharibu vilivyo jirani.

Ndani ya tanuru kioo hupandishwa hadi nyuzijoto 620 au 650, takriban sekunde 40 kwa kila milimita ya unene, kisha hupulizwa hewa kali pande zote mbili kwa mpigo. Kikitoka hakijaiva, nguvu haipo. Kikiiva kupita kiasi, hulegea juu ya roli na kutoka na mawimbi. Jengo zima litaonyesha taswira zilizopinda, na mteja hatarudi. Kwa vioo vya kuning'inia juu ya vichwa vya watu naona isiruhusiwe kabisa kuruka hatua ya kuvipasha tena, nyuzi 260 kwa saa mbili, ili vyenye chembe za nikeli salfaidi, uchafu unaoweza kukipasua kioo cha tempa chenyewe baadaye, vipasukie kiwandani.

Hasara nyingine hutokea safarini. Unyevu wa pwani ukiingia kati ya shiti zilizobanana, magadi yaliyomo kwenye kioo huchuruzika na kuula uso wake, na baada ya wiki kadhaa unaona ukungu mweupe au rangi za upinde wa mvua zisizofutika. Dawa yake ni unga wa kutenganisha, kufunika vizuri, na kusimamisha vioo kwenye stendi iliyoinama kidogo. Kamwe visilazwe.

Ningependa Shirika la Viwango, TBS, libane kipimo kimoja ambacho hakihitaji mashine ya bei mbaya. Kwa kioo cha tempa cha milimita 4 hadi 12, kipasue kwa ncha kali karibu na ukingo, weka fremu ya milimita 50 kwa 50 mahali penye vipande vikubwa zaidi, hesabu. Visipofika 40, kioo hakikutempwa sawasawa, na shehena isitoke. Sheria ya viwango ya Afrika Mashariki inataka alama ya ubora ya nchi moja mwanachama itambuliwe na nyingine, kwa hiyo mnunuzi wa Kampala au Kigali akikuta vipande 25, atakayeulizwa ni aliyegonga muhuri Dar es Salaam.