Mistari mia kwa siku, hapa Kirumba

Wateja wakiona kaunta buku langu la kuchorea pale kibandani huwa wananiambia moja kati ya mambo mawili, ama "aisee una kipaji", ama "mimi hata mstari siwezi kunyoosha". Yote mawili yananigusa, kwasababu miezi kumi na moja iliyopita hata mimi mstari nilikuwa siwezi kunyoosha na ushahidi upo, zile kurasa za mwanzo sijazichana, zipo na mistari yake inayotetemeka.

Mimi ni wakala wa miamala, kibanda changu kipo huku Kirumba, Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Anayeijua hii kazi anajua asubuhi ni foleni, wanunuzi wa dagaa na samaki wanatoa hela wanaweka hela, alafu ikifika mchana jua limewaka hamna mtu, unabaki wewe na simu yako. Nilikuwa natembeza kidole kwenye kioo masaa matatu mpaka kichwa kinauma, video ya dakika mbili siwezi kuimaliza, mtu akiongea namkatisha kabla hajafika anapoenda, mama yangu alishachoka kuniambia mwanangu tulia. Kuchora nilianza kwasababu nilitamani kuchora mitumbwi ninayoiona kila siku, nikajaribu, ikatoka kitu kisichoeleweka, nikaambiwa na rafiki yangu anayechora mabango kwamba achana na mitumbwi kwanza, piga mistari.

Zoezi lenyewe ni dogo tu. Unaweka nukta mbili, moja huku nyingine kule, unapitisha mkono hewani juu ya karatasi mara mbili tatu bila kugusa, alafu unapiga mstari mara moja kutoka nukta hadi nukta, ukikosea umekosea, hurudi nyuma kuupapasa. Na mkono uanzie begani. Hili nililibishia sana mpaka nilipolielewa, kwamba ukichorea kiganja peke yake, kifundo cha mkono kinazunguka sehemu ndogo, kwahiyo mstari mrefu lazima upinde tu hata ufanyeje, ila mkono mzima ukitembea kutoka begani unapata nafasi. Mistari mia kwa siku, baadae maduara, baadae midomo ya vikombe.

Wiki tatu nikapiga mistari mia kila siku na hamna kilichobadilika. Nilikata tamaa kabisa.

Nikaja kuelewa tatizo siku moja nimepeleka chenji kwa mzee mmoja anayeshona nyavu pale ufukweni. Alikuwa amekaa chini, wavu ameunasa kwenye kidole gumba cha mguu ili uvutike, sindano yenye uzi inaingia kwenye tundu, inazunguka, anakaza fundo, na kabla hajaenda tundu linalofuata anaweka kidole pale kwenye fundo, analivuta kidogo, anahakikisha. Kila fundo. Nikamuuliza, mzee hapo si umeshazoea, unaangalia nini tena? Akasema mwanangu, lile nisiloliangalia ndio samaki anapotokea.

Basi nikarudi kibandani nikaona kosa langu. Nilikuwa nahesabu, sikuwa naangalia. Nilikuwa napiga mia ili nimalize mia, akili ipo kwenye simu, kwahiyo nilikuwa narudia kosa lile lile mara mia. Kuanzia hapo nikawa kila mstari nikimaliza nasimama sekunde mbili naangalia, umepinda wapi, mwisho umepitiliza nukta au umeishia njiani, alafu ndio napiga mwingine. Mistari ilianza kunyooka ndani ya siku chache, lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba mteja akija anahadithia kuhusu muamala uliokwama, nikajikuta namsikiliza mpaka mwisho.

Tangu tukiwa wadogo tunaambiwa subira yavuta heri na mimi nilikuwa naelewa subira ni kungoja, unakaa umekunja mikono. Kiukweli sikubaliani tena na hiyo maana. Kungoja hata jiwe linangoja. Kile nilichokipata kwenye zile kurasa ni kurudia kitu kile kile huku unakiangalia kama hujawahi kukiona, na hiyo haikai tu moyoni mwa mtu tangu kuzaliwa, inatoka mkononi inapanda.

Ndiomana hili neno kipaji linanikera. Nilipokuwa shule ya msingi mwalimu alitenganisha wenye kipaji wakae mbele wachore, sisi wengine tukaambiwa tutulie tusipige kelele, na nikaishi miaka yote hiyo nikiamini mlango ule ulifungwa. Sasa jiulize, darasa la kwanza wote tulijazishwa mwandiko, a a a a mstari mzima, ukurasa mzima, ukitoka nje ya mstari unarudia, na leo hamna anayesema fulani ana kipaji cha kuandika herufi a. Kwanini mkono ule ule ukishika penseli ile ile kuchora kikombe tunaanza kutafuta nani kazaliwa nacho? Natamani watoto wajazishwe maduara kama walivyojazishwa herufi, wote, hata yule wa nyuma kabisa.

Vifaa sio kisingizio pia, mi natumia penseli mbili, HB na 4B. Tofauti yake ni udongo tu, tangu Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795 alipopewa hataza ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi na kuuchoma, udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu na alama yake hafifu, grafiti ikizidi inakuwa laini na nyeusi. Hiyo 4B ndio laini zaidi, naitumia kwa mawe. Na kwa mawe Mwanza tumebarikiwa jamani, mtu anayejifunza kutia kivuli kwenye umbo la duara hana haja ya kutafuta mpira, ainue macho aangalie mlima wowote. Ukienda pale jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani karibu na ufukwe, asubuhi jua linatoka nyuma yako linalipiga usoni, unaona kila ufa, jioni jua likiwa upande wa ziwani jiwe linageuka jeusi tupu, unabaki na ukingo wake tu. Jiwe moja, nimelichora mara thelathini na sita.

Mitumbwi sasa nimeirudia. Kuna njia ya kuanzia na namba nane iliyolala na kuvutwa, kutoka hapo unapata kingo zote mbili za juu jinsi zinavyopishana, alafu unashusha ubavu. Shida mitumbwi haitulii, ila wavuvi wa dagaa hawatoki siku za mbalamwezi kwasababu dagaa wanavutwa na taa na mwezi ukiwaka taa hazina nguvu, kwahiyo kila mwezi napata siku kadhaa mitumbwi imelala mchangani. Leo nimekaa na mmoja wa kijani, rangi imebanduka ubavuni, nimeuchora mara tisa, upande wa mbele umekubali, nyuma bado unaniinukia sana. Mwezi umeanza kupungua. Nina kesho na keshokutwa kabla hawajausukuma majini.